Muziki wa Chemba Mwisho wa Reli

Reli ya Mpanda ilijengwa kwa ajili ya risasi. Si risasi za bunduki. Ni yale madini mazito ya kijivu yaliyokuwa yakichimbwa Mukwamba na kampuni ya Uruwira Minerals, ambayo wakoloni waliyaona yanastahili kutandikiwa kilomita zaidi ya 200 za chuma kutoka Kaliua, kupasua miombo na kuuvuka Mto Ugalla, mpaka mahali ambapo treni haikuwa na sababu nyingine ya kufika. Tawi hilo likafunguliwa mwaka 1950. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Kilichojengwa kwa ajili ya mawe kikabaki mikononi mwa watu, na hadi leo ndio wanaokipanda, wao na mahindi yao, mchele wao, madumu yao ya asali na magodoro yao. Nimeifuata reli hii nikiwa na dai moja, ambalo najua litamshangaza msomaji wa Dar es Salaam na pengine kumchekesha wa Mpanda mwenyewe: kwamba kwateti ya nyuzi, yaani muziki wa fidla mbili, viola moja na selo moja, ule tuliozoea kuuona kama mali ya kumbi za Vienna na London, ni muziki wa mahali kama Mpanda. Sisemi hivyo kwa ile hoja ya kwamba kila mtu anastahili kila kitu. Hoja hiyo ni tamu mdomoni na haimpeleki mtu popote. Nasema muziki huu ulizaliwa mahali pa mbali, kwa watu wachache wenye jioni ndefu, na kwamba kinachohitajika ili usikike vizuri kipo huko, mkoani Katavi, kwa wingi kuliko inavyodhaniwa.

Wazungu huuita muziki wa chumbani. Kiswahili kimekwisha kuwa na neno bora zaidi, ingawa hatukuliweka kwa kazi hii: chemba. Tunamwita mtu chemba tunapokuwa na jambo lisilofaa kupigiwa kelele barazani. Wawili wakiteta chemba, wa tatu hujua kusubiri. (Fundi bomba naye ana chemba yake, ile ya maji taka; lugha haichagui wateja.) Kwateti ndiyo muziki wa kuitwa chemba. Wapigaji ni wanne, kila mmoja ana sehemu yake peke yake, hakuna wa kusimama mbele na fimbo kuwaongoza, na hakuna wa kujificha nyuma yake kama anavyoweza kujificha mpiga fidla wa kumi na mbili katika okestra. Wanaanza pamoja kwa kuvuta pumzi pamoja. Ukikaa karibu unaisikia hiyo pumzi. Muziki huu haukutungwa uwafikie watu elfu tatu; ulitungwa uwatoshe wanaokaa ndani ya chumba kimoja, na kwa muda mrefu wasikilizaji wakuu walikuwa wapigaji wenyewe.

Angalia ulikoanzia. Katika miaka ya 1750 kabaila mmoja wa Austria, Fürnberg, alikuwa na nyumba ya shamba huko Weinzierl, mbali na mji, na alipenda muziki wa jioni. Aliyekuwa karibu ndiye aliyepiga: paroko wa hapo, msimamizi wa shamba lake, kijana Joseph Haydn ambaye bado hakuwa na jina, na mpiga selo wa ukoo wa Albrechtsberger. Hao ndio wanne. Haydn akawatungia vipande vya kuwatosha, kwa kuwa watu waliopatikana walikuwa wanne na vyombo vilivyopatikana vilikuwa hivyo. Tungeambiwa leo kwamba huko Mpanda paroko, bwana shamba, mwalimu na mtoto wa jirani wameunda kikundi cha nyuzi, tungesema ni kichekesho cha televisheni. Lakini hivyo hivyo ndivyo aina ya muziki inayoheshimiwa kuliko zote Ulaya ilivyopata umbo lake. Haikushuka kutoka ikulu. Ilitokana na upungufu.

Tena Haydn hakuhamia mjini baada ya hapo. Tangu 1761 alitumikia ukoo wa Esterházy, na sehemu kubwa ya utumishi huo aliimalizia Eszterháza, kasri lililojengwa penye ardhi ya majimaji kwenye tambarare za Hungaria, mbali na Vienna na uvumi wake. Yeye mwenyewe alieleza uzeeni kwamba kutengwa huko na dunia, bila mtu wa kumsumbua wala kumtia shaka, ndiko kulikomlazimisha kuwa mtunzi asiyeiga. Mwaka 1781 akatunga zile kwateti sita za opasi 33 ambazo Mozart alizisoma kama mwanafunzi anavyosoma kitabu cha kiada. Na kama kuna mtu anadhani maisha ya Eszterháza yalikuwa ya anasa, akumbuke kuwa wanamuziki wa Haydn walikaa huko miezi kwa miezi wakiwa mbali na wake zao, hadi mwaka 1772 mtunzi akalazimika kuwaombea ruhusa kwa simfoni ambayo mwishoni wapigaji huzima mshumaa mmoja mmoja na kuondoka. Mtumishi wa umma aliyepangiwa kituo Katavi huku mwenzi wake akibaki Moshi hahitaji kufafanuliwa simfoni hiyo. Ni barua ya kuomba uhamisho.

Umbali peke yake, hata hivyo, hautoi muziki. Jangwa nalo liko mbali. Ndiyo maana ushahidi wangu wa pili ni wa masikio. Ingia katika kanisa lolote kubwa la Mpanda jioni ya mazoezi ya kwaya. Waimbaji hawaketi ovyo: sauti ya kwanza na ya pili upande huu, ya tatu na ya nne upande ule. Karatasi waliyoshika ni nakala ya nakala ya nakala. Haina mistari mitano wala vichwa vyeusi vya nota. Ina herufi tu, d, r, m, f, s, l, t, zimetenganishwa kwa nukta pacha na vistari vya wima, safu nne moja juu ya nyingine, na maneno ya Kiswahili yamebanwa katikati kwa mwandiko wa haraka. Mwalimu anabonyeza kinanda mara moja, au kama umeme umekatika anaitoa do kooni mwake, kisha anagawa: besi do, tenori so, alto mi, soprano do ya juu. Halafu anaanza na sauti ya nne peke yake. Mistari minane ya besi, ikiwa peke yake, haina utamu wowote. Ni kama kumsikiliza mtu akiongea kwenye simu, unasikia majibu bila maswali. Wanairudia mara tano, mara sita. Inakuja ya tatu, nayo peke yake, nayo haieleweki. Wengine wanasubiri, wanapepea karatasi, mmoja anambembeleza mtoto. Kisha mwalimu anainua mkono, zote nne zinaingia kwa mpigo, na yale majibu ya besi yanakutana na maswali yake.

Nashikilia kwamba mtu aliyepitia hayo mara mbili kwa wiki kwa miaka kumi ana sikio la kwateti, hata kama hajawahi kuiona fidla. Ugumu wa kwateti kwa msikilizaji hauko katika ugeni wa sauti ya nyuzi. Uko katika kufuata mistari minne inayokwenda pamoja bila kufanana, kujua kuwa wimbo umehama kutoka juu kwenda katikati, kushtuka besi inapokataa kutua panapotarajiwa. Wasikilizaji wengi wa kumbi za Ulaya leo hawajawahi kuimba alto maishani mwao. Husikia wimbo wa juu na ukungu chini yake. Mwanakwaya wa Mpanda anausikia huo ukungu kama watu watatu wenye majina. Njia iliyomfikisha hapo ni ndefu: herufi hizo zilibuniwa na Sarah Glover na kuenezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19 ili maskini waimbe bila gharama ya kujifunza nota, wamisionari wakazileta, Padre Stephen Mbunga akaandika kitabu mwaka 1963 kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukafungua mlango wa lugha zetu altareni, na watunzi wa Kitanzania wakajaza makabati ya kwaya kwa misa na nyimbo zao wenyewe. Jimbo la Mpanda lenyewe ni la mwaka 2000 tu, lakini uimbaji huo ni wa zamani kuliko jimbo.

Hapa ndipo ninapopingwa mara ya kwanza, na pingamizi lenyewe limezoeleka hata limekuwa kama sheria: Mwafrika hakai kimya mbele ya muziki. Muziki wetu, wanasema, ni wa kuitikia, kupiga makofi, kucheza. Kumkalisha mtu kwenye benchi saa nzima akitazama watu wanne wakisugua nyuzi ni kumfunga. Wanaosema hivi huelekeza kidole kwa Wasukuma walioshuka na ng'ombe zao hadi Mpimbwe na bonde la Rukwa, na mashindano ya makundi yao ya ngoma, Bagika na Bagalu, yanayokusanya uwanja mzima. Ni kweli, na ni muziki mkubwa. Lakini anayeishia hapo ameitazama Katavi kwa jicho moja. Reli ile ile ya Mpanda inapita Katumba, na kaskazini magharibi kuna Mishamo: makazi yaliyofunguliwa kwa wakimbizi wa Burundi waliovuka baada ya mauaji ya 1972, ambako wengi wao, pamoja na wenzao wa Ulyankulu kule Tabora, wamekuwa raia wa Tanzania, jumla yao ikikaribia watu 162,000. Dunia inaijua Burundi kwa ngoma zake kubwa. Wachache wanaijua kwa inanga.

Inanga ni kipande kimoja cha ubao kilichochongwa mithili ya sinia refu au mtumbwi usio na kina. Kamba moja hupitishwa kutoka meno ya ncha moja hadi meno ya ncha ya pili, ikaenda na kurudi mpaka ikawa nyuzi saba au nane, na mpigaji huketi nayo akizidonoa kwa vidole. Mlio wake ni mdogo na wa chini. Na juu ya mlio huo mpigaji haimbi: ananong'ona. Kwa kuwa Kirundi ni lugha ya toni, nyuzi ndizo zinazobeba kupanda na kushuka kwa maneno, na mnong'ono unabeba konsonanti na pumzi; sikio la msikilizaji linaviunganisha viwili hivyo hata linaapa kuwa limesikia sauti ya mtu ikiimba. Muujiza huo haufanyiki penye kelele. Mtu akikohoa, ubeti umepotea. Nitajie muziki gani wa Ulaya unaodai ukimya kuliko huo. Hoja yangu haihitaji kila nyumba ya Katumba iwe na inanga ukutani. Inahitaji tu kukiri kwamba watu waliotoka nchi ya mnong'ono hawawezi kuambiwa na mtu yeyote, Mzungu wala Mwafrika mwenzao, kwamba kusikiliza kwa utulivu si asili yao. Wao pia ndio wenye fidla ya uzi mmoja inayoegemezwa tumboni na kupigwa kwa upinde, ndugu ya endingidi ya Uganda na binamu wa zeze letu. Mtoto anayejua upinde unavyouma uzi hashangazwi na viola.

Pingamizi la pili ni la ugeni, na linakuja na uzito wa historia. Muziki huu ni wa waliotutawala. Kwa nini tuubebe hadi Katavi wakati inanga na zeze vinakosa warithi? Nusu ya kwanza ya pingamizi hili naijibu kwa kwenda Karema. Pale kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye ngome iliyojengwa na wajumbe wa mfalme wa Ubelgiji mwaka 1879 na kukabidhiwa Wamisionari wa Afrika mwaka 1885, alifika mwaka 1889 Adrian Atiman, mtoto wa Sudani Magharibi aliyeuzwa utumwani, akakombolewa, akasomea uganga wa Kizungu Malta. Akatibu watu wa ziwa hilo kwa miaka 67, hadi alipofariki 1956, na hakuacha kujifunza dawa za wenyeji. Hakuna mwenye homa Karema anayeuliza sindano ilitoka wapi. Kitu kigeni kinapopita katika mikono ya mtu anayekaa, anayechanganya na kurekebisha, ugeni wake huisha bila kutangazwa. Fidla yenyewe imekwisha kupita njia hiyo kule pwani: imo ndani ya taarab kwa vizazi, katika vikundi kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa 1905, na tangu 2002 chuo cha muziki cha nchi za jahazi kinaifundisha Unguja. Hakuna Mzanzibari anayeiona kama mali ya Wajerumani.

Nusu ya pili, ile ya warithi wa inanga, ni nzito zaidi na siipuuzi. Ningelazimishwa kuchagua kati ya kumlipa mwalimu wa inanga na mwalimu wa fidla Mishamo, ningemlipa wa inanga, na nisingelala na shaka. Ila sioni nani anayelazimisha uchaguzi huo. Kilichoinyamazisha inanga hakikuwa fidla, ni spika. Muziki mdogo unaliwa na muziki uliokuzwa kwa umeme, na kwa hiyo mnong'ono wa inanga na kwateti wako upande mmoja wa vita, wote wakihitaji chumba ambacho mtu amekubali kuzima jenereta. Zaidi ya hapo, kwateti ni chombo cha kuazima na kupokea. Béla Bartók alikwenda Biskra, Algeria, mwaka 1913 na mashine ya kunasia sauti, na mdundo aliousikia huko ukaingia katika kwateti yake ya pili, aliyoimaliza 1917. Karibu nasi zaidi, Justinian Tamusuza wa Uganda, aliyezaliwa 1951, aliandika kwateti yake ya kwanza mwaka 1988, na kikundi cha Kronos cha Marekani kikairekodi sehemu yake ya kwanza katika albamu ya mwaka 1992 iliyobeba watunzi wa Kiafrika watupu. Hiyo nimeisikiliza mara nyingi kuliko Beethoven. Nyuzi zinadonolewa zaidi ya kusuguliwa. Vijimlio vifupi vinapishana kama mikono ya wapiga amadinda, marimba ya Waganda, huyu akijaza pengo aliloacha yule, mpaka huwezi kusema wimbo unatoka kwa nani. Anayejua jinsi sauti nne za kwaya zinavyopeana zamu ataelewa kinachofanyika kabla ya kuambiwa.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi, kwa sababu watu huzitaja ili kumaliza mazungumzo. Haydn alikuwa na kabaila. Mpanda haina kabaila. Lakini ina kwaya, na kwaya ya Tanzania ni mfadhili ambaye hatujampa jina hilo: inachangishana sare, inanunua kinanda na spika, inakodi basi kwa ziara, inalipia kurekodi. Kwaya ya Barabara ya 13 Ulyankulu ilijulikana nchi nzima ikiwa imebeba jina la barabara ya vumbi katika makazi ya wakimbizi. Waliowahi kununua kinanda chenye uwezo wa kupiga disko wameshatumia fedha za fidla za wanafunzi. Kinshasa nako, okestra ya waumini wa Kanisa la Kimbangu iliyoanza 1994 iliwahi kufunga waya wa breki ya baiskeli pale uzi wa fidla ulipokatika. Sioni Mpanda ikikosa baiskeli. Wapigaji wanne wa kwateti na vyombo vyao wanaenea katika nusu ya behewa, ingawa selo itadai kiti chake kama abiria, na kondakta atakuwa na haki ya kuitoza nauli.

Ugumu halisi ni wa hewa. Fidla imegundishwa kwa gundi ya ngozi, ambayo joto huilegeza na ukavu huipasua, na Katavi ina vyote viwili: kiangazi cha Juni hadi Oktoba, wakati Mto Katuma unapobaki matope na viboko wanasongamana ndani yake kama abiria wa daladala, hukausha mbao mpaka zinalia. Singa za mkia wa farasi kwenye upinde hulegea masika na kukaza kiangazi. Mafundi wa Mpanda wanaoijua tabia ya mninga, ubao usiopinda hata ukiutesa, wangekuwa na la kuwaambia watengeneza fidla kuhusu jambo hili. Kisha kuna paa. Kanisa la matofali, sakafu ya saruji, mabati yasiyo na dari: sauti ya selo inaruka humo kwa furaha, lakini mvua ikishuka hakuna kwateti duniani itakayosikika.

Nimeliacha pingamizi la mwisho makusudi, kwa sababu ndilo ninaloliheshimu. Mswahili anataka maneno. Wimbo usio na ujumbe tunauona kama bahasha tupu, na kwa kweli fahari ya muziki wetu, kuanzia taarab hadi dansi hadi kwaya, iko katika kusemwa jambo. Utamwambia nini mtu wa Mpanda ambaye amekaa saa nzima na hakuambiwa kitu? Jibu langu linarudi kwenye mazoezi yale ya jioni. Kwaya haianzi na maneno. Kwa siku nzima, pengine wiki nzima, inaimba herufi: so so la so, do ti do. Ni muziki mtupu, bila ujumbe wowote, na nathubutu kusema kuna wanakwaya ambao wimbo huwa mtamu kwao wiki hiyo kuliko Jumapili unapovaa maneno. Hawalisemi, kwa sababu hakuna aliyewauliza. Pia mtu anaweza kuanzia pale ambapo maneno na nyuzi hupeana zamu. Mwaka 1787 Haydn alitoa kwateti kutokana na muziki alioagizwa na kanisa la Cádiz, Hispania, juu ya Maneno Saba ya Yesu msalabani. Huko walifunika kuta na nguzo kwa vitambaa vyeusi, wakaacha taa moja. Padre alisoma neno, akalihubiri, akapiga magoti, na muziki ukaendelea kutoka pale alipoishia. Sehemu saba za polepole, moja kwa kila neno. Wakatoliki wa Katavi wanayajua maneno hayo kwa moyo. Na kwateti ile ya Tamusuza inaitwa, kwa Kiganda, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba: katika njia ya Msalaba. Mzungu wa karne ya 18 na Mganda wa karne ya 20, wa kale na wa kisasa, wote wawili wako kwenye kilima kimoja. Tamasha lililo bora zaidi kwa Mpanda limekwisha kupangwa na watunzi wenyewe, linasubiri wapigaji.

Paroko makini atanikumbusha kwamba katika Kwaresima, hadi siku za mwisho za Juma Kuu, vinanda kwa kawaida huruhusiwa tu kusindikiza waimbaji. Basi isiwe ndani ya misa. Iwe Ijumaa ya kawaida ya Kwaresima, jioni, baada ya ibada ya Njia ya Msalaba, watu wakiwa bado wamekaa. Msomaji asome kila neno kwa Kiswahili, na Tamusuza atangulie, maana yeye ndiye jirani. Tatizo ni kwamba Kwaresima huangukia msimu wa mvua, na mabati ni yale yale. Lakini Haydn aliweka kitu mwishoni, baada ya neno la saba: tetemeko la ardhi, sehemu pekee ya haraka, ambayo wapigaji wote wanne huagizwa waipige kwa nguvu zao zote. Katika eneo hili la bonde la Rukwa, ambalo Desemba 1910 lilitikiswa na mojawapo ya matetemeko makubwa kuliko yote ya Afrika katika karne ile, hakuna atakayehitaji kuelezwa. Mawingu yakikusanyika mapema, wapigaji waharakishe neno la sita na la saba, waingie kwenye tetemeko, na mabati wayaachie sehemu yao.